Mahudhurio ya Asubuhi

Katika Akwesasne Freedom School, shule ya watoto wa Kimohawk kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, siku ya masomo haianzi kwa bendera wala wimbo wa taifa. Mtu mmoja husimama mbele ya wenzake, mara nyingi mtoto, akautaja ulimwengu fungu kwa fungu: watu, dunia ambayo ni mama, maji, samaki, mimea, mazao ya chakula, mitishamba, wanyama, miti, ndege, pepo nne, ngurumo, jua, mwezi, nyota, walimu wa hekima, na mwisho kabisa Muumba. Kila kinachotajwa kinashukuriwa, kisha msemaji hutamka kwamba sasa nia zao zimekuwa moja, na waliomzunguka huitikia kwa sauti fupi ya kukubali. Masomo yakiisha, maneno hayo hurudiwa kabla watoto hawajatawanyika.

Kwa Kimohawk huitwa Ohén:ton Karihwatéhkwen, yaani maneno yanayotangulia mengine yote. Kwa Kiingereza yamepewa jina lenye maana ya hotuba ya shukrani. Jina hilo si la uongo, ila limeyaponza. Mwalimu wa Marekani akilisikia hukumbuka bata mzinga na alhamisi ya nne ya Novemba, na hapo ndipo makosa mengi ya kuwafundisha watoto jambo hili yanapozaliwa.

Wahaudenosaunee, watu wa Nyumba Ndefu, wengi wamewasoma kwa jina walilopewa na Wafaransa, Iroquois. Ni muungano wa mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca, na Tuscarora waliojiunga mwanzoni mwa karne ya 18. Leo wako hasa katika jimbo la New York na katika Ontario na Quebec nchini Kanada, na wengine walisukumwa hadi Wisconsin na Oklahoma. Kila taifa lina lugha yake na namna yake ya kuyasema maneno haya, lakini mpangilio ni uleule: huanzia chini, miguuni pa msemaji, ukapanda taratibu hadi kupita nyota.

Aliyesoma shule zetu anaikumbuka sauti ya mwalimu akiita majina asubuhi, kalamu ikitembea juu ya daftari: yupo, yupo, hayupo. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo njia fupi ya kuielewa shukrani ya Wahaudenosaunee na kazi yake kwa mtoto. Ni mahudhurio. Mtoto haambiwi ajisikie mwenye shukrani, maana hisia haziji kwa amri. Anaambiwa ataje nani yupo, kwa jina na kwa zamu, bila kuruka. Shukrani hufuata utambuzi huo, na isipofuata siku hiyo, kesho majina yataitwa tena.

Msikilizaji aliyezoea msikiti au kanisa atangoja sehemu ya kuomba. Haiji. Hakuna mahali msemaji anapoitaka mvua inyeshe au mahindi yastawi. Jua liliagizwa kuangaza, na leo limeangaza. Maji yaliagizwa kukata kiu, na bado yanakata kiu. Kila kiumbe kilipewa kazi tangu mwanzo, na hotuba ni taarifa kwamba kazi inaendelea. Kazi ya binadamu, kwa fikra hiyo, ni kulitambua hilo na kulisema kwa sauti. Ndiyo maana wazee wengi wa Kihaudenosaunee husita wakisikia maneno haya yakiitwa sala.

Lugha yenyewe inasaidia. Katika Kimohawk, kitenzi cha kusalimu na cha kushukuru ni kimoja. Anayeyashukuru maji anayasalimu, na anayeusalimu mwezi anaushukuru. Mtoto aliyefundishwa shikamoo kabla hajajua kufunga kamba za viatu hatapata taabu kulielewa hilo: salamu kwa mkubwa ni kukiri kwamba alikuwepo kabla yako na kwamba unamhitaji. Hata majina yanafuata mkondo huo. Dunia ni mama. Ngurumo ni mababu, wenye kuleta mvua ya kuamsha mashamba. Jua ni kaka mkubwa, na mwezi ni bibi, msimamizi wa majira na wa kuzaliwa kwa watoto. Mwalimu mgeni huwaambia wanafunzi kwamba hiyo ni tashihisi, mbinu ya kishairi ya kukipa kitu sifa za mtu. Mtu wa pwani yetu angeona mara moja kwamba hapa hakuna mbinu yoyote. Mkubwa haitwi kwa jina lake tupu.

Tena kuna hiyo nia moja. Maneno haya hayakutungwa kwa ajili ya shule. Hufungua na kufunga mikutano, ikiwemo vikao vya Baraza Kuu la mataifa hayo katika ardhi ya Onondaga, na hufungua sherehe za mwaka mzima, kuanzia katikati ya kipupwe, kupitia siku za utomvu mtamu wa mti wa mepo, za kupanda mbegu, za stroberi, za mahindi mabichi, hadi mavuno. Katika baraza yana werevu wa kisiasa ambao mabunge mengi yangeweza kuuazima. Kabla watu hawajagombania mpaka au fedha, wanakubaliana kwanza juu ya mambo ambayo hakuna awezaye kuyabishia: kwamba maji yapo, kwamba wote wanayanywa. Mara kumi na kadhaa wanaitikia pamoja kabla ya kufika kwenye ugomvi. Mtoto anayeitikia darasani anajifunza adabu hiyo ya baraza miaka mingi kabla ya kukalia kiti chake humo.

Sasa turudi Novemba. Karamu ya mwaka 1621 ambayo Wamarekani huisimulia kama asili ya sikukuu yao ilifanyika Plymouth, Massachusetts, kati ya walowezi wa Kiingereza na Wawampanoag, taifa jingine kabisa na eneo jingine. Rais Lincoln alitangaza sikukuu hiyo mwaka 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Bunge likaipangia alhamisi yake mwaka 1941. Wahaudenosaunee hawamo katika kisa hicho. Kuwavuta humo kila Novemba, kwa kofia za karatasi zenye manyoya, ni sawa na kumfundisha mtoto wa Helsinki kuhusu Waswahili kwa kumvisha ngao ya Kizulu.

Kama mwalimu anataka kweli kuiunganisha sikukuu na watu hawa, historia inayo kiungo kingine, kikali zaidi. Mwaka 1779, katika vita vya uhuru wa Marekani, George Washington alituma jeshi chini ya Jenerali Sullivan kuingia nchi ya Wahaudenosaunee. Vijiji zaidi ya 40 vilichomwa, mahindi yakafyekwa shambani, miti ya matunda ikakatwa. Miaka kumi baadaye, Washington huyohuyo akiwa rais, alitangaza tarehe 26 Novemba 1789 kuwa siku ya taifa ya kushukuru. Kwa lugha zao Wahaudenosaunee walimwita Mharibu Miji, na mwaka 1790 kiongozi wa Waseneca, Cornplanter, alimwambia ana kwa ana kwamba jina hilo likitajwa watoto hung'ang'ania shingo za mama zao. Waoneida nao walipigana upande wa Wamarekani katika vita hivyo vya uhuru. Baada ya ushindi, ardhi yao karibu yote iliwaponyoka kwa mikataba na jimbo la New York. Shukrani ya punda ni mateke. Simshauri mtu amweleze mtoto wa chekechea haya yote. Mtoto wa miaka kumi, hata hivyo, anaweza kuuliza inakuwaje watu waliochomewa mahindi waendelee kuyashukuru mahindi kila asubuhi, na swali hilo linamfundisha zaidi ya kofia ya karatasi.

Kwa nini basi shukrani hii ihitaji shule, ikiwa zamani ilirithishwa ndani ya Nyumba Ndefu, mdomo hadi sikio? Kwa sababu urithi ulikatwa, na waliokuwa na mkasi mkononi walikuwa walimu. Mohawk Institute ya Brantford, Ontario, ilikuwa shule ya bweni iliyofungwa mwaka 1970 baada ya zaidi ya miaka 130, na watoto wa Akwesasne walikuwa miongoni mwa waliopelekwa huko. Waliopitia humo waliiita kwa jina la uji waliolishwa siku zote. New York ilikuwa na Thomas Indian School, na huko Pennsylvania kulikuwa na Carlisle, iliyofunguliwa mwaka 1879 kwa nia iliyotangazwa wazi ya kuua Uhindi Mwekundu ndani ya mtoto. Lugha za nyumbani ziliadhibiwa. Mtoto akirudi nyumbani hajui kusema, na hotuba hii ni kusema, kilichopotea ni zaidi ya msamiati.

Mwaka 1979 wazazi wa Kimohawk wakaanzisha shule yao. Kulikuwa na mvutano mkali na polisi wa jimbo, uliowashwa na vibarua waliokata miti katika ardhi ya familia moja ya kimila ili kupitisha uzio, na sehemu ya jamii ilikuwa imejichimbia kambini Raquette Point. Wazazi waliamua watoto wasirudi katika shule za serikali. Mwanzoni walifundisha kwa lugha mbili. Mwaka 1985 wakachukua hatua ambayo wengi waliiona ya kichaa na kuamua masomo yawe kwa Kimohawk peke yake, ingawa walimu walikuwa wachache tu na vitabu karibu havikuwepo. Wamejitegemea bila ruzuku ya serikali, wazazi wakipika, wakifagia na kutengeneza samani, na kila mwaka hunadi mablanketi ya viraka yaliyoshonwa kwa mkono ili kuchangia mishahara.

Lililo muhimu kwa mada yetu ni mtaala. Hotuba ya shukrani haikuwekwa ratibani kama kipindi cha utamaduni cha ijumaa mchana. Ilifanywa ratiba yenyewe. Fungu la maji ni mlango wa kusoma mto, mzunguko wa mvua na afya. Fungu la mazao huwapeleka watoto kwa dada watatu, mahindi, maharage na maboga, yanayopandwa shimo moja: hindi linampa haragwe mahali pa kupanda, haragwe linarutubisha udongo, boga linatandaza majani na kuzuia magugu. Fungu la nyota lina hesabu na majira. Mpango huu unamlazimisha mwalimu kujua mambo mengi, na nakiri kwamba shule nyingi, zikiwemo zenye fedha kuliko hiyo, zisingeumudu mwaka mmoja.

Mahudhurio yana hatari yake: yanafichua nani hayupo. Mto St. Lawrence unapita katikati ya Akwesasne, na kwenye mpaka wake kabisa, upande wa mji wa Massena, kilijengwa kiwanda cha General Motors kilichotumia kemikali za PCB. Zilivuja. Katika miaka ya 1980 samaki wa mto huo, chakula cha watu hawa tangu kale, wakawa sumu, na wanawake wenye umri wa kuzaa wakashauriwa wasiwale. Mkunga wa Kimohawk, Katsi Cook, alianzisha utafiti wa maziwa ya mama baada ya akina mama kumuuliza kama ni salama kunyonyesha. Fikiria basi mtoto aliyesimama asubuhi akifika fungu la samaki. Maneno yanasema samaki wanaendelea na kazi yao ya kusafisha maji na kujitoa wawe chakula. Nyumbani mama amekataza samaki.

Mtu mwepesi wa kukata tamaa angesema hapo ndipo shukrani inapogeuka unafiki. Mimi naona kinyume chake. Mtoto asiyewataja samaki kila siku hana namna ya kugundua kwamba wametoweka mezani. Angekula vijiti vya samaki vya dukani na kuona dunia iko sawa. Kushukuru kwa utaratibu kunaweka kumbukumbu ya namna mambo yalivyopaswa kuwa. Mwaka 2013 kulifikiwa makubaliano ya fidia na makampuni yaliyohusika na uchafuzi wa mto, na sehemu ya fedha ikaenda katika mpango wa uanagenzi: wazee waliojua uvuvi, utegaji, ususi wa vikapu na mitishamba wakachukua vijana na kuwafundisha kazi hizo kwa Kimohawk, majini na porini. Ukiangalia orodha ya kazi walizochagua, unayaona mafungu ya hotuba.

Hadi hapa ni watoto wa wenyewe. Je, watoto wa wengine? Swali hili lina mabishano ya kweli, na majibu yake si ya upande mmoja. Wahaudenosaunee hawana mkono wa birika katika hili. Chifu Jake Swamp wa Akwesasne, aliyepanda miti ya amani katika nchi nyingi, aliandika kitabu cha picha cha watoto mwaka 1995, Giving Thanks, ili maneno haya yawafikie hata wasio wa kwao. Robin Wall Kimmerer, mwanabotania wa taifa la Potawatomi, katika Braiding Sweetgrass ya mwaka 2013 anaeleza watoto wa shule ya taifa la Onondaga wanaoyasema maneno haya badala ya kiapo cha bendera, na anasema alipoomba ruhusa aliambiwa ni zawadi kwa ulimwengu. Linganisha na vinyago vyao vya uganga, ambavyo Baraza Kuu limekataza visiuzwe wala kuoneshwa hadharani. Wenyewe wametofautisha kilicho cha wote na kilicho cha ndani, na mwalimu mwenye heshima hana haja ya kubuni mpaka wake.

Ila ruhusa ya kuyasikia si ruhusa ya kuyafanya lolote. Katika shule za umma za Marekani kuna kikwazo cha sheria pia. Mwaka 1962, katika kesi iliyotoka New York hiyohiyo, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataza mamlaka za elimu kutunga sala ya kusomwa na watoto shuleni. Je, hotuba inayoishia kwa Muumba ni sala? Baadhi ya walimu hujinasua kwa kulikata fungu la mwisho na kubaki na ndege, miti na maji, kitu cha kupendeza cha mazingira. Hapo naona wamekosea mara mbili: wamechukua maneno ya watu, kisha wakayapunguza ili yafanane nao. Bora kuyasoma yote kama maneno ya Wahaudenosaunee, kwa jina lao na lugha yao, kuliko kuyakariri nusu kama yako. Na kama darasa linataka kushukuru kwa kinywa chake, litoke nje likahesabu kilichopo kwake. Mtoto wa Mwanza ana ziwa na sangara. Mtoto wa Phoenix ana jangwa na mpungate.

Kukariri ndiko adui mkubwa zaidi, ndani na nje ya Akwesasne. Hotuba hii haina matini moja rasmi. Wanaisimu Wallace Chafe, aliyechapisha matini za Waseneca mwaka 1961, na Michael Foster, aliyewasikiliza wasemaji wa Six Nations huko Ontario na kuchapisha utafiti wake mwaka 1974, wote wanaonesha msemaji akifuata mpangilio unaojulikana lakini akijenga maneno papo hapo, marefu au mafupi kadiri ya shughuli. Inaweza kuchukua dakika chache, inaweza kupita saa. Hata mafungu hutofautiana. Wafuasi wa Handsome Lake, nabii wa Kiseneca aliyepata maono mwaka 1799, humtaja yeye pamoja na wajumbe wanne wa mbinguni, wengine hawamtaji. Kitabu, kwa wema wake wote, hugandisha. Mtoto akipewa karatasi na kuambiwa aijue kwa moyo, anatengeneza ngonjera ya kumfurahisha mgeni rasmi: sauti juu, macho darini, akili kwenye soda itakayofuata. Sisi tunaijua sana hali hiyo. Mtoto anayefundishwa mpangilio, kisha akaachwa atafute maneno yake kwa kila fungu, hana budi kufikiri: maji ya leo ni yapi? Yameganda? Yamefurika?

Nani wa kumsahihisha akisahau? Wazee walilitengenezea hilo nafasi. Mwishoni msemaji husema kwamba kama ameacha jambo hakukusudia, na kila mmoja aliongeze kwa namna yake. Kwa mtoto anayetetemeka mbele ya wenzake hakuna huruma iliyo kubwa kuliko hiyo, na sijaona mtihani wowote wenye kifungu cha aina hiyo.

Kama watu wa Akwesasne walivyo na mto wao, Waonondaga wanalo ziwa lao, ambalo mapokeo yanalitaja kuwa mahali muungano ulipofungwa na silaha kuzikwa. Karne ya 20 ililifanya dampo la viwanda. Kuogelea kulipigwa marufuku mwaka 1940, na uvuvi mwaka 1970 kwa sababu ya zebaki. Mwaka 2005 taifa hilo lilikwenda mahakamani kudai haki juu ya ardhi ya mababu, na hati yao ya madai ilianza kwa kutaja uponyaji kati yao na wote waishio hapo, na uponyaji wa ardhi na maji yenyewe. Walishindwa: mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi yao. Lakini mwaka 2022 ilitangazwa kwamba zaidi ya ekari 1,000 katika bonde la Tully, zilizokuwa mikononi mwa kampuni, zitarudishwa kwao kama sehemu ya fidia ya uchafuzi. Huko ndiko kunakoanzia Onondaga Creek, kijito kinachopita katika ardhi yao kabla ya kuingia jijini Syracuse na kumwagika ziwani. Kikishuka huchafuka, kwa chemchemi za tope zilizo katika bonde ambalo kwa miaka mingi lilichimbwa chumvi. Kule juu, kwenye maji baridi ya vijito vya mwanzo, kuna trauti, samaki wasioweza kuishi katika maji machafu. Wapo.